Mahamri na mbaazi za Majengo, kwa aliyefiwa na asiyefiwa

Nianze na chakula, maana mwenye kibanda mwenyewe angetaka nianze hapo. Hamri ni shilingi 10. Bakuli la mbaazi ni 40, chai ya maziwa yenye tangawizi ni 20. Kwa shilingi 100 dereva wa tuktuk kama mimi anakula mahamri manne na mbaazi, anateremshia chai, na hatafuti chakula chengine mpaka adhuhuri.

Kibanda kiko Majengo, Mombasa, ndani ndani, ukitokea Mwembe Tayari kabla hujafika mzunguko wa Makupa. Hakina jina wala bango. Uliza mahamri ya chini ya mti wa mkungu, hata mtoto atakupeleka. Utakuta mabenchi mawili, meza moja ya kitambaa cha plastiki, karai juu ya jiko la kuni, sufuria la mbaazi limefunikwa sinia, na mama mmoja mtu mzima ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi za kesho. Anafungua saa 11 alfajiri. Wa kwanza kufika ni waliotoka msikitini, kisha wachukuzi, kisha sisi wa tuktuk na bodaboda, kisha akina mama waliotumwa na nyumba zao na mabakuli. Ikifika saa 3 asubuhi anaosha sufuria. Ijumaa mbaazi huisha hata saa 2 haijafika.

Nimekula pale miaka 6. Mitano nilikula na mwanangu wa kiume. Huu wa sita nakula bila yeye. Alifariki kusi ya mwaka jana, akiwa na miaka 8. Jina lake sitaliweka hapa. Ni jina la nyumbani kwetu, na la pale kibandani, na nitaeleza kwa nini la pale kibandani.

Mahamri ya mama huyu hayana siri kubwa, yana subira. Unga anaukanda usiku baada ya isha, kwa tui, si kwa maji. Nazi anakuna mwenyewe na kukamua kwa kifumbu. Tui la kwanza linawekwa kwa ajili ya mbaazi, la pili linaingia kwenye unga pamoja na sukari, hamira na iliki. Iliki anainunua Marikiti ikiwa nzima, anaitwanga kwa kinu kidogo cha shaba alichorithi kwa mamake, ndiyo maana ukilipasua hamri mvuke unakujia na harufu yake. Unga unalala umefunikwa leso kuukuu, alfajiri umeumuka umejaa beseni. Anakata tonge, anasukuma duara la kiasi cha kisahani, anapitisha kisu mara mbili, pembe nne.

Hapo ndipo penye kazi. Mafuta yakiwa baridi hamri linayanywa. Yakizidi moto linaungua nje na ndani ni unga. Mama hapimi kwa chochote, anasikiliza. Hamri likiingia linazama kidogo, linaibuka, naye analimwagia mafuta mgongoni kwa upawa, mara mbili tatu, na pale pale linafura kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Analigeuza mara moja tu. Rangi anayoitaka ni ya asali.

Lakini si yote yanayofura. Kila karai lina moja au mawili yasiyokubali: limesukumwa jembamba upande mmoja, au limetoboka, pumzi inatoka. Linabaki bapa. Wauzaji wengine huwatupia paka. Mwanangu aliyapenda hayo kuliko yote, na aliyaita yaliyolala. Alikuwa na miaka 4, miguu haifiki chini ya benchi, akanyoosha kidole: "Nyanya, nipe lile lililolala." Na sababu yake ilikuwa ya maana. Hamri lililofura ukilichovya, tui linaingia tumboni mwake na kukumwagikia mkononi. Lililolala unalikunja, unazoa mbaazi nalo kama kijiko. Nilijaribu. Alisema kweli.

Mbaazi zenyewe ni za kuloweka usiku kucha na kuchemsha taratibu mpaka ukizibonyeza kwa ulimi zinayeyuka lakini machoni bado nzima. Kitunguu, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, manjano kidogo, halafu tui zito linatiwa mwishoni na kukorogwa upande mmoja bila kuacha, lisikatike. Nimekula mbaazi Kisauni, nimekula Likoni, nimekula Mji wa Kale. Za kwao si mbaya. Hizi nazifuata.

Sasa nirudi kwa mtoto.

Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sisi wazazi wote wawili tumebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuumwa na bila kujua, na kwa wazazi kama sisi kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Tuliyajua hayo akiwa na miezi 10, vidole vya mikono na miguu vimemvimba, analia akiguswa. Tangu siku ile nyumba yetu ilikwenda kwa mambo manne: maji, joto, dawa, homa. Maji anywe mengi. Baridi isimpate. Asidi ya foliki kila siku, na alipokua kidogo, haidroksiyurea. Homa ikipanda usingoje kuche. Wenye mtoto wa namna hii wananielewa: unaishi umekunja ngumi, hata ukicheka.

Mama wa mahamri hakutumwa na mtu. Siku moja aliniona nikimpokonya mtoto gilasi ya maji ya barafu aliyopewa na mteja, akauliza kwa nini, nikamweleza kwa maneno machache, akasema "Haya." Kuanzia kesho yake palikuwa na jagi la maji yaliyochemshwa na kupozwa, limefunikwa kisahani, pembeni mwa birika, na mtoto akifika anamiminiwa kabla hajaitisha. Asubuhi za kusi, mwezi wa 6 na wa 7, upepo na manyunyu vinapotoka baharini, alimhamisha benchi akamkalisha upande wa jiko. Maji yale hakuwahi kunilipisha. Hivyo ndivyo huduma ya pale ilivyokuwa wakati wa raha, na ningeweza kuisifu kwa hayo tu.

Kifua kilimbana Jumatatu. Alhamisi alfajiri hatukuwa naye tena. Alizikwa Kikowani baada ya adhuhuri siku hiyo hiyo. Kuhusu siku zile za katikati sitaandika.

Matanga yalikuwa siku 3, nyumba imejaa, masinia yanaingia na kutoka, kila mkono unaoushika unasema makiwa. Siku ya pili nikiwa nimekaa na wanaume barazani, nilisikia harufu ya iliki kutoka uani. Nikajua mama amekuja na beseni lake. Hakupita mbele. Aliingia kwa wanawake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Siku ya 4 watu walirudi kwenye kazi zao, na ni haki yao. Mimi niliamka saa 10 na nusu. Ndiyo saa niliyokuwa nikimwamsha anywe maji na dawa kabla sijatoka, yeye hajafumbua macho, anameza na kurudi kulala. Mwaka umepita na bado naamka saa 10 na nusu bila kuamshwa. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nasikia feni, nasikia mke wangu yuko macho pia na hatusemi. Asiyewahi kufiwa na mtoto hudhani kigumu ni usiku. Kwangu kigumu ni ile nusu saa, mikono iko tayari na haina kazi.

Kibandani sikwenda. Niliona mtu hawezi kuketi kwenye benchi lile. Nilihamia hoteli moja ya jirani ambayo sitaitaja, na sina ugomvi na chapati zake. Lakini nikiingia sauti zilishuka. Mhudumu alileta chai akitazama ukuta. Siku ya pili au ya tatu mwenye hoteli alinijia mezani, akanishika bega, akasema, "Bado kijana wewe. Mungu atakupa mwengine." Alisema kwa wema, naapa. Niliacha chai kikombeni nikalipa nikatoka. Mungu akinipa mwengine nitamshukuru, lakini mwengine ni mwengine.

Na lipo jambo ambalo aliyefiwa na kifungua mimba atalijua hata nisipolieleza vizuri. Kwetu mtu akizaa, jina lake linapumzika. Miaka 8 mimi nilikuwa Baba Fulani, kwa jina la mwanangu: steji, msikitini, dukani, kwa wakwe. Wiki ile baada ya matanga nikasikia steji wananiita kwa jina langu la ujanani. Wengine wakaanza kuniita kwa jina la binti yangu wa miaka 3. Hawakukubaliana, kila mmoja aliogopa peke yake, ulimi wake usije ukagusa kidonda. Najua. Lakini mimi nilipoitwa hivyo nilikuwa nageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Nilikuwa nimezika mtoto, na sasa naona wanazika na jina lake, kwa upole, kwa adabu, kila siku udongo kidogo.

Baada ya arubaini nilikwenda. Ilikuwa Jumanne, kiza bado. Nilisimama mbali, tuktuk nimeizima, nikamwangalia akisukuma unga kwa taa ya sola. Aliniona. Hakuacha kibao, hakujifunika uso kwa mtandio, hakunipa pole ya pili. Aliita kwa sauti ile ile ya kila siku, mbele ya watu wote waliokuwapo, "Baba Fulani, sabalkheri! Njoo, chai isipoe." Ila hakusema Fulani. Alilitaja jina la mwanangu lote, kama jina la mtu, si kama habari mbaya. Siku 40 sikuwa nimelisikia likitajwa kwa sauti isiyotetemeka.

Nikakaa. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akaniwekea bakuli.

Halafu karai likatoa lililolala. Nililiona kabla yake, maana nilikuwa nikiyatazama yale mafuta kama mtu anayesubiri matokeo. Mengine yote yamefura, lile limelala bapa, linazunguka taratibu pembeni. Mama akalinyanyua na upawa. Mafuta yakachuruzika, tone kwa tone, naye akalishikilia hapo hapo juu ya karai, hakuliweka kwenye sinia na mengine. Akanitazama, akauliza, "Hili nikutilie, au niliweke kando?"

Sikuweza kujibu. Hakurudia swali. Aliliweka ukingoni mwa sinia, peke yake, akaendelea na wateja. Nilikunywa chai mpaka majani ya chini. Ndipo nikamwambia, "Mama, nitie." Nililikunja, nikazoa nalo mbaazi kama nilivyofundishwa, nikalia watu wapo. Aliyekuwa ameketi nami, mchukuzi wa Kongowea ambaye simjui hata jina, alisogea kidogo nipate nafasi ya kiwiko, akaendelea kula.

Tangu siku ile, likitokea lililolala na mimi nipo, anauliza. Kuna siku nasema nitie. Kuna siku nasema weka kando, na analiweka kando, na hasemi neno. Kuna siku nimefika nikiwa sina hata uwezo wa kusema, nikatikisa kichwa, akaelewa. Jibu lolote kwake ni jibu. Hii ndiyo huduma ninayotaka kuisifu na ndiyo sababu nimekaa kuandika: anauliza. Watu wote waliobaki waliniamulia. Waliamua nisisikie jina, waliamua nipewe picha au nifichwe picha, waliamua nicheke, nisahau, nioe wa pili, nihame nyumba. Yeye aliuliza kuhusu hamri moja la shilingi 10.

Kuhusu dini alinisemea mara moja tu. Mteja mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniona nafuta macho akaniambia mwanamume halii hivi, na machozi yanamtaabisha maiti. Mama aligeuka kutoka kwenye karai. "Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim mpaka machozi yakamtoka. Wewe ni nani umkataze huyu?" Akarudi kwenye kazi yake. Yule bwana alilipa chai yangu siku ile. Hatujawahi kukosana.

Nieleze na habari ya watoto wa shule, maana inahusu kibanda. Tuktuk yangu ilikuwa na mkataba wa watoto 4 wa mtaani, wazazi wao wananilipa kwa mwezi, na wa tano alikuwa wangu. Baada ya msiba nilimwachia mwenzangu kazi hiyo. Mwezi wa tatu nikaichukua tena, kwa kuwa kodi ya nyumba haijui msiba. Asubuhi ya kwanza nilisimama nao kibandani kama zamani, mama akawafungia mahamri mawili mawili kwenye karatasi. Mdogo wao, wa miaka 5, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mbona yeye hayupo?" Wenzake wakamkanyaga mguu. Mama akamwambia, "Amekufa, mjukuu wangu. Yeye alikuwa akipenda hamri lililolala." Mtoto akafikiri, akasema, "Mimi napenda yaliyofura." Akapewa yaliyofura. Tukaenda shule. Njia nzima nilikuwa nikishangaa kuwa jambo lile linaweza kusemwa, likasemwa, na watoto wakaendelea kugombania kiti cha dirishani.

Abiria nao huuliza, hasa akina mama wenye mizigo ya sokoni: "Una watoto wangapi, baba?" Zamani lilikuwa swali jepesi. Sasa jibu langu linategemea safari. Anayeshuka karibu namwambia wawili. Anayekwenda mbali namwambia wawili, mmoja yuko Kikowani. Yote mawili ni kweli. Sijawahi kusema mmoja, na kwa hilo namshukuru mama wa mahamri, maana nilikaribia.

Kikowani nakwenda Ijumaa baada ya sala. Pale kibandani, kando ya meza, pana kopo la mrehani, mama anasema harufu yake inafukuza nzi. Alinikatia kitawi, kikashika kwenye mchanga wa kaburi, sasa ni kichaka cha kufika gotini. Nakimwagilia kwa chupa ya maji ya mtoto ya shule, ile ya kijani. Nilikuwa sijui niifanye nini chupa ile.

Mke wangu mpaka leo hajaja kibandani. Hataki kuuona mkungu. Huzuni yake yeye inakaa nyumbani: kwenye kabati lenye chupa ya dawa iliyobaki nusu, ambayo hatuitupi na hatuigusi, kwenye kitambaa cha kanzu ya Idi kilichokuwa kimekwisha kupimwa, maana alikuwa ameahidiwa pembea za Makadara. Simlazimishi. Mama huniuliza kila asubuhi, "Mama Fulani hajambo?" tena kwa jina lile lile, na kunijazia mkebe wa mbaazi niupeleke. Miezi mingi mke wangu alikuwa akila kwa sababu nimesimama mbele yake. Mwezi wa 2 mwaka huu alionja, akaweka kijiko, akasema, "Leo zimezidi chumvi." Nilitoka nje kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akitambua ladha ya kitu. Kesho yake nikafikisha malalamiko. Mama akacheka sana, akasema, "Mwambie nimesikia," na za siku ile zilikuwa na chumvi sawasawa. Kwa hiyo, malalamiko ya wateja pale yanafanyiwa kazi.

Kasoro zipo, na mapitio bila kasoro hayasaidii mtu. Moshi wa kuni ni mwingi, na ukikaa upande unakopeleka upepo utatoka macho mekundu. Mwenye kifua asikae hapo. Chai ni tamu kupita kiasi, sema mapema upunguziwe sukari. Viazi karai vyake sivipendekezi, rojo la unga ni zito na vinanywa mafuta. Mvua za masika zikinyesha mkungu hausaidii kitu, unaangusha maji na majani vikombeni, na siku hizo ni bora uchukue ukale nyumbani. Chenji ni tabu: ukimpa noti ya 1,000 alfajiri utasubiri. M-Pesa anapokea, nambari imeandikwa kwa chaki kwenye mbao. Pa kunawa mikono pana ndoo yenye bomba na sabuni, safi. Choo hakuna.

Ramadhani asubuhi hafungui. Anaweka meza baada ya alasiri, kaimati, mbaazi na mahamri ya kufuturia, na msongamano wake si wa kawaida, nenda mapema. Ramadhani hii ya kwanza ilinipiga kuliko Idi. Mwanangu alikuwa amekatazwa kufunga kwa ajili ya maji, na kila mwaka alililia. Tulimruhusu kufunga mpaka saa 4 asubuhi, na mama wa mahamri alikuwa akimwekea hamri moja tangu jana yake ili "afuturu". Mwaka huu sikupita pale wiki nzima ya mwanzo. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Ukitaka kumpeleka mtu aliyefiwa, mpeleke siku ya katikati ya juma, kati ya saa 11 na nusu na saa 12 na nusu, kabla ya foleni ya akina mama na mabakuli. Mkalishe benchi la upande wa mkungu, moshi haufiki. Usimtangulie mama kwa kumnong'oneza habari zake. Muagizie chai na mahamri mawili, basi, mengine yataitishwa yakihitajika.

Na ukitiwa hamri lililolala usilirudishe. Likunje, zoa mbaazi nalo, utaona. Kama hulitaki kabisa, mwambie mama aliweke kando. Mimi hufika saa 12 kasorobo.